Anti, wanasema nivumilie. Yote?

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kyela. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwera ulivuma usiku, mtumbwi ukapinduka, tukamzika. Masika yalipofika mto ukafurika, mpunga wote ukaenda na maji. Sasa shemeji zangu wanavuna kakao kwenye shamba nililopanda na marehemu, eti ni mali ya ukoo. Kanisani naambiwa nivumilie, majirani wananiita mwanamke wa chuma. Usiku nalia ndani ya shuka watoto wasinisikie. Nitapata wapi nguvu ya kuvumilia yote haya?
Mjane, Kyela

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nguvu ya kuvumilia yote sina ya kukupa, maana umechanganya mambo matatu, na la tatu halivumiliwi.

La kwanza ni kifo. Hicho hakina rufaa, kwa hiyo lia, tena usijifiche. Monica Wilson, aliyeandika kuhusu mila za Wanyakyusa katika kitabu chake cha mwaka 1957, alikuta maziko yenye vilio, ngoma na wanaume wakicheza. Wazee wenu hawakuomboleza ndani ya shuka. Watoto wakikuona umelia, kisha ukainuka ukasonga ugali, watajua kwamba mtu huumia na maisha yakaendelea.

La pili ni mafuriko. Maji ya milima ya Rungwe hushuka na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi kwenye bonde lenu kabla ya kuingia ziwani; wewe hukukosea kitu. Hapo kinachotakiwa ni moyo wa kupokea. Misiba mingapi umeingia na mchele kichwani? Leo ni zamu yako. Mweleze mtendaji wa kijiji hasara yako, omba mbegu kwa jirani aliyesalimika, na usione aibu.

La tatu ni shamba, na hapa neno "vumilia" linawanufaisha wanaovuna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Fuatilia cheti cha kifo, itisha kikao cha familia chenye muhtasari ulioandikwa, kisha mirathi ifunguliwe mahakamani. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hawatozi ada. Wakati huo huo, mwarifu mwenyekiti wa kijiji na chama cha msingi kinachopokea kakao kwamba shamba hilo lina mgogoro.

Kabla ya mahakama, nenda kwa shemeji zako na mzee wanayemheshimu. Sema kwa adabu, bila matusi wala kupiga magoti. Hao ni baba wadogo na wakubwa wa wanao, na watoto watawahitaji kesho. Unaweza kuwasamehe na bado ukadai shamba lako. Anayekwambia uchague moja anakupotosha.

Wiki hii anza na cheti cha kifo. Wanaokuita chuma wape kazi: mmoja abaki na watoto, mwingine akusindikize mjini.