Kabla Hujamlaumu Mtumishi Wako

Andiko: 2 Wafalme 5:9-14, Mithali 18:13

Naamani alikuwa jemadari mkubwa, lakini alipona kwa sababu alikubali kuwasikiliza watumishi wake. Wiki hii tumwangalie jemadari mwingine, wa karne iliyopita.

Charles Lockwood alikuwa admirali wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1942 alikabidhiwa nyambizi zilizokuwa magharibi mwa Australia. Manahodha wake walikuwa wakirudi mikono mitupu. Walisema wanalenga vizuri, lakini topido zinapita chini ya meli au hazilipuki. Ofisi ya silaha kule Marekani ikasisitiza kwamba silaha ni nzuri, wanaokosea ni wao.

Lockwood hakubishana. Juni 1942 aliagiza wavu wa samaki utandazwe baharini karibu na mji wa Albany, kisha topido zikarushwa. Matundu ya wavu yakasema ukweli: zilikuwa zinapita karibu futi 11 chini ya kipimo kilichowekwa. Ofisi ilikataa mwanzoni, lakini Agosti ikakubali.

Kasoro haikuwa hiyo tu. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilirusha topido 15 kwa meli moja ya Japani. Nyingi ziligonga, lakini meli haikuzama. Nahodha akabakisha moja, akairudisha Hawaii ichunguzwe. Lockwood, ambaye sasa aliongoza nyambizi za Pasifiki, akaagiza nyingine zirushwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe. Wakagundua kwamba topido ikigonga wima, pini ya kulipua inapinda. Ikatengenezwa kabla mwaka kuisha.

Sisemi tushangilie vita. Nyambizi 52 za Marekani zilipotea pamoja na watu kama 3,500, na upande wa Japani walikufa wengi zaidi. Lakini mabaharia wake walimwita Mjomba Charlie, na jina kama hilo haliletwi na cheo.

Sasa niseme langu. Mimi nimesomea biashara, napenda namba. Mwaka jana kiongozi mmoja wa ushirika wa nyumbani aliniletea ripoti: watu 12 wamebaki 4. Akaniambia, "Pasta, saa ndiyo mbaya. Akina mama wanaogopa kurudi usiku." Mimi nikamhubiria juu ya imani. Mwezi uliofuata akaacha uongozi.

Baadaye nilienda mwenyewe, nikarudi kwa miguu saa tatu usiku kwenye ile barabara isiyo na taa. Niliogopa, na mimi ni mwanaume. Nilimwendea kumwomba msamaha. Amenisamehe, ila uongozi hajarudia. Ushirika sasa unakutana Jumamosi mchana.

Mafunzo:
1. Msikilize aliyetoka uwanjani. Anajua jambo ambalo ripoti haisemi.
2. Pima kabla ya kulaumu. Mithali inatuonya kwamba kujibu kabla ya kusikia ni aibu.
3. Ukijua kosa liko wapi, litengeneze, hata kama ni lako.

Swali la wiki: Ni nani nyumbani au kazini aliyekuambia shida, nawe ukamwona mvivu? Mwendee kabla ya Jumapili.

Maombi: Bwana, nipe masikio ya Naamani, nishuke Yordani hata nikiambiwa na mdogo wangu. Amina.