SOMO LA KUJADILI: Alama Zinazopotea Bure Ndani ya Chumba cha Mtihani



Vikundi vyetu vingi hukopesha wanachama pesa za karo. Mbuzi anauzwa, shamba linakodishwa, mpaka mtoto afike Kidato cha Nne. Halafu anakosa ile C+ ya kuingia chuo kikuu kwa alama chache tu. Si lazima iwe ni uvivu. Mara nyingi alama zimepotea kwa makosa madogo. Darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, kwa hivyo tusingoje.

Makosa tunayoyaona sana ni haya:

1. Kutosoma maagizo. Katika Hisabati, maswali 16 ya sehemu ya kwanza hujibiwa yote. Sehemu ya pili ina maswali 8, na mtahiniwa huchagua 5 tu. Unakuta mwingine anahangaika na 7! Hayo mawili ni muda uliotupwa. Katika Insha ya Kiswahili, swali la kwanza ni la lazima, kisha anachagua moja kati ya matatu yaliyobaki.

2. Kutogawa muda. Karatasi ya Hisabati ina alama 100 kwa dakika 150. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 10 lisipite dakika 15. Akikwama, aache nafasi, aendelee, atarudi baadaye.

3. Kuficha hatua za hesabu. Mtoto anabonyeza kalkuleta, anaandika jibu peke yake. Likiwa na kosa, hana kitu. Lakini hatua zilizo sahihi zinaweza kupata alama hata kama jibu la mwisho si sahihi.

4. Kujibu kisichoulizwa. Ameambiwa aeleze, yeye anataja tu. Ameambiwa aandike barua, anasimulia hadithi.

5. Kununua "mtihani uliovuja". Matapeli huuza karatasi bandia kwa simu. Mzazi anatuma pesa, mtoto anaacha kusoma. Na hata ikiwa ya kweli, matokeo yanaweza kufutwa. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inaweka kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 2, kwa anayefichua mtihani.

Kikundi kifanye nini? Tafuteni karatasi za miaka iliyopita na saa ya ukutani. Jumamosi moja kwa mwezi, watoto wafanye karatasi nzima bila kusaidiwa. Mwombeni mwalimu mstaafu wa hapo kijijini asahihishe. Msiulize tu, "Umepata ngapi?" Ulizeni pia, "Zilizopotea zimepotelea wapi?"

Maswali ya mkutano:
- Ni watahiniwa wangapi wako katika kikundi chetu?
- Nani atatoa chumba chenye meza na taa?
- Tutamjibu nini anayetuuzia mtihani?