Hizo 28 Zinatoka Wapi?

Nilipokuwa TP Ifakara nilipewa kidato cha tatu, mada ya mfuatano wa namba. Nikataka swali linalotoka kwenye maisha yao. Pale mjini nani asiyejua shida ya kupeleka flashi steshenari kuchapa notisi, ukarudi nayo ina virusi? Basi nikaandika ubaoni:

"Mji una kompyuta 100. Leo moja ina kirusi. Kila kompyuta yenye kirusi huambukiza nyingine moja kwa siku. Baada ya siku 7, zenye kirusi zitakuwa ngapi?"

Wengi waliandika 8. Walianza na moja, wakaongeza moja kila siku. Kosa ni kuliruka neno "kila": kompyuta iliyoambukizwa jana, leo nayo inaambukiza. Kwa hiyo hatujumlishi, tunazidisha kwa mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Ukipata swali la aina hii, usikimbilie fomula. Andika kwanza siku tatu za mwanzo kwa mkono, utaona kama namba inaongezwa au inazidishwa.

Binti mmoja aliandika 128, akaikata, chini yake akaandika "haiwezekani". Nikamwekea kosa, maana jibu langu lilikuwa 128. Baada ya kipindi akanifuata.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, si umesema mji una kompyuta 100? Hizo 28 zinatoka wapi?"

Jamani, nilikosa la kusema. Ile 100 niliiweka kama pambo tu. Nikamwambia aje kesho, usiku nikakaa na penseli.

Tatizo ni hili: kirusi hakijui nani mzima. Kompyuta 64 zikishaugua, kila kirusi kinachoruka kina nafasi kubwa ya kuangukia kompyuta ambayo tayari inaumwa, na hapo hakuna mgonjwa mpya. Kwa hiyo wagonjwa wapya wa siku ni wagonjwa waliopo, mara wazima, gawanya kwa 100. Kwa mfano, wagonjwa wakiwa 28, wazima ni 72. Wapya ni 28 × 72 ÷ 100, kama 20 hivi. Jumla 48, siyo 56.

Ukienda hivyo siku hadi siku na kukadiria kwa namba nzima, unapata: 1, 2, 4, 8, 15, 28, 48, 73, 93, 100. Siku ya 7 ni 73. Angalia siku tatu za mwanzo: njia zote mbili zinatoa jibu lilelile. Ndiyo maana fomula ya kuzidisha inadanganya watu, mwanzoni iko sahihi.

Na haya yametokea kweli duniani. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi kiitwacho Slammer kilisambaa kwenye intaneti, na mwanzoni kilikuwa kinajizidisha mara mbili kila sekunde 8.5. Dakika 10 zina vipindi kama 70 vya namna hiyo, na 2 kwa kipeo cha 70 ni namba yenye tarakimu 22. Kompyuta zilizohesabiwa kuambukizwa zilikuwa kama 75,000. Mashine dhaifu zilikuwa zinaisha, na mtandao wenyewe ulielemewa.

Watu wa bonde la Kilombero hesabu hii wanaiishi kwa jina jingine: malaria. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alionyesha kwa hesabu kwamba kuizuia malaria hakuhitaji kuua mbu wote. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Rudi kwenye kompyuta zetu: zikisafishwa nusu ya zinazoumwa kila jioni, kirusi hakiongezeki tena. Jaribu mwenyewe kwa penseli.

Kesho yake nilifuta 128 mbele ya darasa zima, nikamrudishia binti yule alama zake. Wenzangu mnaosubiri TP, mwanafunzi akikata jibu "sahihi", muulize kwanza kwa nini kabla hujashika peni nyekundu.