Malaria ya Milimani
Ukipanda mlima joto hupungua, takriban nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Ubaridi huo ni ngao, kwani vimelea vya malaria havikomai ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 16 hivi. Lakini joto likizidi na mvua ikanyesha sana, mbu huzaana mabondeni, hata katika mashimo ya udongo wa matofali. Ndipo mlipuko huzuka, kama miaka ya 1990. Wenyeji hawana kinga ya kutosha mwilini, hivyo hata mtu mzima huzidiwa. Ukipatwa na homa Nyamira, usisingizie baridi. Kapimwe damu siku hiyo hiyo.