Nani Anayekula? Somo Juu ya Kujadili Madai ya Siri Kuhusu Mali ya Asili

Muhula wa pili chama chetu kilifanya mdahalo ambao hadi leo watu bado wanauzungumzia kwenye foleni ya githeri. Hoja ilikuwa: "Utajiri wa asili wa Afrika huwanufaisha wageni kuliko wenyeji." Mimi nilikuwa katibu siku hiyo, na kazi ya katibu ni kuandika wala si kusema. Nilipoyapitia maandishi yangu baadaye nilihesabu hoja ishirini na tatu kutoka pande zote mbili. Kumi na tano kati yake zilianza na "inasemekana" au "tunaibiwa". Mwalimu mlezi alipoona hesabu hiyo akacheka, kisha akaniagiza niandike somo kwa ajili ya jarida. Ndilo hili.

Tuanze na sarufi, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Sentensi "Mali yetu inaibiwa" iko katika kauli ya kutendwa. Kauli hii ina uzuri wake lakini ina hila moja: mtenda anaweza kutoweka na sentensi ikabaki imekamilika. Ukisema "Juma aliiba ndizi," nitakuuliza una ushahidi gani juu ya Juma. Ukisema "ndizi ziliibwa," unaweza kuketi ukapigiwa makofi bila kumtaja mtu. "Inasemekana" ni mbaya zaidi. Hiyo ni kauli ya kutendeka, na hapo hata msemaji hayupo, kana kwamba maneno yalijisema yenyewe. Basi dai la namna hii likiletwa mbele yako, ligeuze liwe katika kauli ya kutenda. Nani alichukua? Alichukua nini, kiasi gani, mwaka gani, kwa njia gani? Mwenye dai akishindwa kujaza nafasi hizo, ametuletea hisia. Hisia yenyewe yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini hatuwezi kuipigia kura.

Jambo la pili ni methali. Siku ile "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" ilitajwa mara nne na upande wa watetezi. Wapinzani nao wakajibu "Ulimi hauna mfupa." Sasa tumefika wapi? Methali ni kitoweo cha hotuba. Haiwezi kusimama kizimbani ikaapa.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaosema kwamba kila anayedai kuna njama ni mtu wa porojo. Njama zimekuwako, tena kubwa. Mfano ulio bora ni wa Kongo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki nchi ile tangu 1885 kama mtu anavyomiliki shamba lake, ingawa hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Aliiambia dunia kwamba alikuwa akiwapelekea watu biashara na ustaarabu. Kule Uingereza palikuwa na karani kijana aitwaye Edmund Dene Morel, aliyefanya kazi katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyobeba mizigo kati ya Kongo na bandari ya Antwerp. Morel hakuwa mpelelezi. Alikuwa mtu wa vitabu vya hesabu. Lakini aliona jambo la ajabu: meli zilikuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, na ziliporudi Kongo hazikubeba bidhaa za kutosha kulipia mali hiyo. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa bunduki na risasi.

Fikiri naye. Mtu akileta gunia la mahindi sokoni kila siku, na wewe humpi pesa wala nguo wala sukari, mbona anaendelea kuleta? Bila shaka kuna anayemlazimisha. Morel alilinganisha vitabu vya kampuni na takwimu zilizotangazwa, akaona havipatani. Aliacha kazi 1901 akawa mwandishi. Mwaka 1904 balozi Roger Casement, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza, alitoa ripoti yenye ushuhuda wa watu wa Kongo wenyewe juu ya kupigwa, kufungwa na kukatwa mikono. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi hiyo serikali ya Ubelgiji.

Angalieni hapa jinsi dai la Morel lilivyojengwa. Lilikuwa na mtenda, lilikuwa na mzigo unaoweza kupimwa, na lilikuwa na tundu: kama kungepatikana meli zilizopeleka bidhaa za kutosha, dai lingekufa palepale. Dai zuri lazima liwe na mahali linapoweza kufia. Kinyume chake ni lile dai ambalo ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa "umefichwa," na ukiuliza unajuaje umefichwa, unaambiwa "kwa sababu hatuuoni." Kwa dai kama hilo huwezi kushinda wala kushindwa. Utazungushwa tu kama ng'ombe wa kukamua mafuta.

Sasa tuje karibu na nyumbani, kwa jirani zetu Tanzania. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana kesi yenyewe ni tamu na ni chungu.

Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku kusafirisha nje makinikia. Neno hili wengi wetu tulilijua wakati huo. Makinikia ni mchanga unaobaki baada ya mwamba kusagwa na kuchujwa, wenye dhahabu, shaba na fedha, ambao ni lazima uyeyushwe katika kiwanda maalumu ili madini yatengane. Ulikuwa ukitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ya kampuni ya Acacia na kupelekwa ng'ambo, kwa kuwa nchini hakukuwa na kiwanda cha kuuyeyusha. Makontena 277 yalizuiliwa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikasema kwamba kila kontena lilikuwa na wastani wa kilo 28 za dhahabu. Chukua kalamu: 277 mara 28 ni kilo 7,756, yaani kama tani 7.8. Hicho kilikuwa zaidi ya mara sita ya kiasi kilichoandikishwa. Mwezi Julai kampuni ikapelekewa madai ya dola bilioni 190, kodi pamoja na riba na faini.

Watu walishangilia barabarani. Nani angelaumu? Kama ni kweli, watoto wa Shinyanga na Kahama walikuwa wamenyang'anywa shule na zahanati kwa miaka. Lakini mwanamdahalo hashangilii kabla ya kupima. Dola bilioni 190 ni zaidi ya mara tatu ya pato zima la Tanzania la mwaka ule. Kampuni nayo ilijibu kwamba, kama hesabu ya kamati ni sahihi, basi yenyewe ingekuwa ya tatu duniani kwa kuzalisha dhahabu. Hili si jibu la kumaliza maneno, kwa sababu limetoka kwa mwenye kesi. Lakini ni jibu lenye tundu, linaweza kupimwa.

Mwisho wake ukawaje? Mabwana wa Barrick, waliokuwa na hisa nyingi katika Acacia, walikaa mezani na serikali. Oktoba 2017 walikubaliana juu ya malipo ya dola milioni 300 kumaliza mgogoro wa kodi, na Januari 2020 mkataba ukatiwa sahihi. Ikaundwa kampuni ya Twiga, serikali ikipata hisa asilimia 16, na manufaa ya migodi yagawanywe nusu kwa nusu. Gawanya 190,000 kwa 300 uone: kilicholipwa kwa madeni ya nyuma ni sehemu moja katika zaidi ya mia sita za kilichodaiwa.

Basi nani alishinda mdahalo ule? Siku ile darasani watetezi walisema Magufuli alithibitisha wizi, wapinzani wakasema alishindwa. Mimi nasema wote waliruka ukurasa. Tazama tarakimu nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele. Sheria ya madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Mrabaha ni sehemu ya thamani ya madini anayolipwa mwenye mali, yaani taifa, hata kabla ya kuuliza kama kuna faida. Asilimia 3! Mwaka 2010 ikapanda hadi 4, na 2017 hadi 6. Kodi ya faida nayo ilichelewa, kwa sababu gharama za kujenga mgodi hutolewa kwanza, na kampuni inaweza kuandika hasara mwaka baada ya mwaka bila kuvunja sheria. Hayo hayakuwa siri. Yalisomwa bungeni, yakapigwa chapa. Hakuna aliyehitaji kuficha dhahabu ndani ya mchanga ilhali sheria yenyewe ilikuwa imefungua mlango.

Hapa ndipo palipo utamu wa somo. Mara nyingi tunatafuta mwizi wa usiku, kumbe mali inatoka mchana, kwa risiti.

Wala msidhani nasema siri hazikuwapo. Mwaka 2007 mbunge kijana, Zitto Kabwe, alisimama bungeni Dodoma akataka kamati ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa sahihi London. Alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, eti alisema uongo. Kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto mwenyewe akawa mmoja wa wajumbe. Mnaona? Alidai jambo dogo lililo wazi: mkataba huu, mji ule, tuonyesheni karatasi. Ukimlinganisha na mtu anayesema "wazungu wamekula Afrika yote," huyu wa mkataba ndiye anayetisha wakubwa.

Nisiache kusema jambo lililoniudhi katika mdahalo wetu. Msemaji mmoja, alipoona dakika zake zinakwisha na hana ushahidi, alimnyoshea kidole msichana wa kidato cha pili ambaye baba yake huendesha lori la kampuni moja ya machimbo. Akasema, "Wale wanaotubebea mali yetu usiku, watoto wao tuko nao humu!" Ukumbi ukapiga meza. Niliandika sentensi hiyo kama ilivyo, kwa sababu ndiyo kazi ya katibu. Tangu siku hiyo msichana huyo hajarudi chamani, naye alikuwa msomaji wetu bora wa mashairi. Sasa turudi kwenye sarufi: "wao" ni nani? Dai lisilo na mtenda lina njaa, na likikosa jina la mkubwa litakula jina la aliye karibu. Dereva analipwa mshahara wa dereva. Hajatia sahihi leseni yoyote. Nimewaandikia viongozi wa chama nikipendekeza kanuni: anayemtaja mtu aliye ukumbini, au jamaa yake, au kabila lake, kuwa ndiye mnyonyaji, anapoteza alama zote za hotuba yake. Wengine wanasema ni kali mno. Tutaipigia kura.

Kwetu Kenya zana za kuuliza tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 71, inataka mikataba ya kutoa haki ya kuchimba mali ya asili ipitishwe na Bunge. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Chukueni mfano wa Kwale, ambako mchanga wa titani ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 na kusafirishwa kutoka Likoni. Swali la mdahalo haliwi "nani alikula Kwale?" Linakuwa: mrabaha ulikuwa shilingi ngapi kila mwaka, ile kumi ya jamii ilifika lini, na kwa akaunti ya nani? Ni maswali makavu, hayapigiwi makofi, lakini kila moja lina karatasi yake mahali fulani.

Kwa wale watakaozungumza muhula ujao, hili hapa ni zoezi. Fanyeni wawili wawili. Dai: "Inasemekana dhahabu yetu huibiwa mpakani na kuuzwa kama ya nchi nyingine." Mmoja aligeuze liwe katika kauli ya kutenda na kujaza nafasi zote. Mwingine aandike ni kitabu gani, cha ofisi gani, ambacho kikifunguliwa kingelithibitisha dai hilo, na kipi kingeliua. Dokezo: kumbukeni Morel hakwenda Kongo, alilinganisha vitabu viwili. Ni ofisi zipi mbili zinazoandika dhahabu ileile, moja inapotoka na nyingine inapoingia? Majibu yaletwe kwangu kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili. Yakianza na "inasemekana" nitayarudisha bila kuyasoma.