Mwezi wa Kitabuni na Mwezi wa Angani



Somo letu la leo linahusu vitabu vya katuni vinavyowafundisha watoto habari za jua, mwezi na nyota. Elimu hii huitwa elimu ya falaki. Siyo kupiga ramli wala kutabiri bahati ya mtu.

Katuni ni hadithi ya picha. Kila picha imo ndani ya kisanduku chake, na maneno ya msemaji yameandikwa juu ya kichwa chake. Hapa Dar es Salaam hadithi za namna hii si jambo geni. Watu wazima wengi wanalikumbuka gazeti la Sani na vituko vya Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Mwaka 2014 ilianza katika televisheni katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mtoto huona mchezo, kumbe anasoma. Na mzazi aliyehitimu kisomo naye anafaidika, maana neno likimshinda, picha inamsaidia.

Ukipita mitaa ya Kariakoo utaona vitabu vilivyokwisha tumika vimetandazwa chini vikiuzwa. Vingine ni vya watoto, vyenye picha za sayari na rangi nzuri. Mkulima aliyekuja mjini kuuza mazao anaweza kumpelekea mwanawe kimoja. Ni zawadi nzuri. Lakini vingi vimechorwa Ulaya au Marekani, na kitabu kilichochorwa London kinamwonyesha mtoto anga ya London.

Chukua mfano wa mwezi mwandamo. Katika darasa letu moja la jioni, hapa mjini, tuliwaambia watoto wachore mwezi. Wote waliuchora umesimama kama mundu, kama walivyouona kitabuni. Tukatoka nje. Juu ya mapaa ya Kariakoo mwezi ulikuwa umelala chali kama mtumbwi. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, mwezi umekosea!"

Mwezi haukukosea. Sehemu yake inayong'aa huelekea upande lilipo jua siku zote. Kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu wima, kama jiwe lililotumbukizwa kisimani. Mwezi mwandamo hubaki juu yake, kwa hiyo mwanga unaupiga kutoka chini. Ulaya jua huzama kwa mshazari, na mwanga unaupiga mwezi ubavuni. Ndiyo maana wao huuona umesimama. Mtoto asipoelezwa jambo hili, ataamini karatasi na kuyakana macho yake mwenyewe. Hiyo ni hasara kubwa kuliko kutokuwa na kitabu.

Katuni nyingine huchora nyota katikati ya pembe za mwezi. Sizungumzii alama za bendera, nasema juu ya picha ya kusomea. Pale katikati pana mwezi wenyewe, ila upande ule ni giza. Nyota iko mbali sana nyuma yake, haiwezi kuonekana hapo. Tena kitabu cha Ulaya kitamwambia mtoto atafute Nyota ya Kaskazini. Atakesha bure! Sisi tulioko kusini ya ikweta hatuioni. Badala yake, mwezi wa Mei au Juni, mapema usiku, atazame kusini. Ataona nyota nne zilizokaa kama msalaba.

Liko jambo moja ambalo hata mchoraji wetu wa hapa nyumbani hawezi kulitimiza, nalo ni ukubwa. Karatasi haitoshi. Hebu tutumie matunda ya sokoni. Dunia iwe chungwa. Mwezi utakuwa kama zambarau moja nene. Sasa uweke wapi? Katunini utauona umegusana na chungwa. Kwa kweli panga machungwa thelathini kwa mstari, kisha weka zambarau lako mwishoni. Ni kama hatua tatu za mtu mzima. Na jua je? Litakuwa duara lenye urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Chungwa likiwa sokoni Kariakoo, jua litakuwa kule upande wa Mnazi Mmoja, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Fanyeni hivyo kijijini, kutoka shuleni hadi kisimani kwa mfano, na mtoto atembee mwenyewe. Hatasahau.

Picha zinafaa sana katika kueleza kupatwa kwa mwezi. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, palipokuwa na anga safi, mwezi ulionekana mwekundu kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 4. Hadithi za zamani zilisema joka limeumeza. Kisanduku cha kwanza cha katuni kinaweza kuonyesha joka hilo, watoto wacheke. Cha pili kionyeshe dunia ikiwa katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kimeufunika mwezi. Kwa nini mwekundu? Mwanga kidogo wa jua hupita katika hewa inayoizunguka dunia, ukapinda, ukafika mwezini. Ni wekundu ule ule wa jua linapozama.

Kupatwa kwa mwezi mtazame kwa macho bila hofu. Kupatwa kwa jua ni mambo mengine. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakaliona jua limebaki kama pete. Mwezi ulipita mbele yake, ila siku hiyo ulikuwa mbali kidogo, haukuweza kulifunika lote. Katuni yoyote inayoonyesha watoto wakilikodolea jua macho, ikateni ukurasa huo. Jua huunguza ndani ya jicho bila maumivu, na kipofu wa namna hiyo hana dawa. Kioo kilichopakwa masizi hakifai, wala miwani ya kawaida. Toboa tundu dogo katika kipande cha boksi, ulipe jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi. Utaona pete, au kipande cha jua, pale karatasini. Hata chini ya mwembe, penye mwanya wa majani, vijua vidogo vingi huonekana mchangani.

Sisi wa Kariakoo tuna taa nyingi, nyota tunazihesabu kwa vidole. Ninyi mlioko vijijini mnazo zote. Mnao pia wazee wanaojua Kilimia, kile kishada cha nyota kilichowaambia wakulima majira ya kulima. Hakimo katika vitabu vya mitaani kwa jina hilo. Mtoto akamuulize babu yake, kisha achore.

Zoezi la wiki hii: mwezi ukiandama, mpe mtoto karatasi yenye visanduku saba. Kila jioni, mara baada ya jua kuzama, mtoke pamoja. Achore mwezi kama anavyouona, umelalaje na uko juu ya mti gani. Wewe mzazi uandike tarehe chini ya kila picha. Siku ya nane kiwekeni kitabu cha dukani kando ya kitabu chenu, mtafute zinapotofautiana.