Kilio cha Mtoto wa Paka Usiku

Mmoja katika ndugu zetu wanaohudhuria darsa ametuletea swali, nasi tumeona kuwa swali lake ni la wengi. Asema alileta mtoto wa paka nyumbani kwake kwa ajili ya panya na kwa kuwafurahisha wanawe. Usiku ule ule wa kwanza kipaka alilia tangu baada ya Isha hata karibu na Alfajiri, na usiku wa pili akalia vivyo hivyo. Majirani wakanung'unika. Bibi mmoja mtu mzima pale nyumbani akasema kuwa kilio kile ni uchuro, na khasa kwa kuwa paka mwenyewe ni mweusi, basi huenda si paka mtupu. Usiku wa tatu wakamtia kikapuni, wakaenda kumwacha penye soko la samaki. Sasa ndugu yetu auliza: Je, ana makosa? Na je, lilikuwapo la kufanya ambalo yeye hakulifanya?

Tutaanza na swali la pili, kwani lau jawabu yake ingalijulikana mapema, lile la kwanza lisingalikuwa na haja ya kuulizwa.

Yatupasa kwanza tujue ni kwa nini analia. Paka huzaliwa macho yamefumba, na huyafumbua baina ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo hana ajualo ila joto la mamake, harufu yake, na miili ya ndugu zake wanaomlalia ubavuni. Akitambaa akapotea hatua mbili tatu hulia, na mamake husikia akaja akamshika kwa ngozi ya shingo akamrudisha. Basi kilio hicho kina kazi yake, na siku zote kimemfaa. Kisha sisi twamtoa pale, twamleta katika nyumba ambayo haina harufu hata moja aijuayo, twazima taa, twaenda zetu kulala. Hajapata kulala peke yake tangu azaliwe. Afanye nini ila kumwita mamake? Huo si uchuro, si jini, wala si ukaidi. Na ama khabari ya weusi wake, rangi ya manyoya hurithiwa kwa wazazi kama sisi turithivyo rangi zetu, na Mtume (s.a.w.) amekwisha kutukataza kuitakidi mikosi ya namna hii. Twasikitika kuwa katika mji wenye vyuo vingi kama huu wetu ingali yasemwa.

Jambo la kutazamwa kabla ya yote ni umri. Mtoto wa paka asitolewe kwa mamake kabla ya kutimiza wiki 8, na akikaa mpaka wiki ya 12 ni bora zaidi. Wengi huwachukua wa wiki 4 au 5 kwa kuwa ni wazuri wa kutazama, na hao ndio waliao sana, na hao ndio wafao. Ukiweza, kabla ya kumchukua mpelekee mwenye paka kitambaa kikuukuu akitandike pale mama anapolala na wanawe, na siku utakayomchukua kilete kitambaa hicho bila ya kukifua. Kwako kitambaa hicho ni uchafu, kwake ni kipande cha kwao. Tena mlete asubuhi, usimlete magharibi, apate mchana mzima wa kunusanusa nyumba kabla giza halijaingia.

Usiku mweke katika chumba kimoja kidogo. Nyumba nzima kwake ni kama mji asioujua. Ataingia chini ya kabati asitoke. Hapa ndugu mwengine alituambia, "Je, huku si kumfunga paka, na hali yule mwanamke aliadhibiwa kwa kumfunga paka?" Hadithi hiyo ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Lakini na aizingatie kwa ukamilifu wake. Mwanamke yule alimzuia paka mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Waliotaja Hadithi hiyo katika mlango wa wanyama wamefahamu kuwa lawama ni juu ya kumzuilia na kumnyima kwa pamoja. Mwenye kumweka mnyama katika hifadhi yake, akamlisha na kumnywesha, hayumo katika lawama hiyo. Bali twaona yafaa zaidi kumgeuzia Hadithi hii yule anayemfungia kipaka stoo ili asimsikie, kisha akamsahau hata jua likapanda.

Katika chumba hicho tia sanduku la karatasi lililolazwa ubavu, apate kujificha ndani, na kile kitambaa chake umtandikie humo. Katika miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, usiku wetu wa pwani una baridi ya kumtosha kiumbe mdogo. Mtilie maji ya vuguvugu katika chupa, uifunge barabara, uiviringe nguo, uiweke upande mmoja wa sanduku ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Wakati wa Kaskazi hapana haja ya hayo. Maji ya kunywa yawe karibu, na beseni fupi lenye mchanga mkavu liwe pembe nyingine mbali na chakula, kwani paka ni mwenye usafi na hapendi kula penye choo chake. Taa usiiwache ikiwaka kwa ajili yake. Paka huona katika giza tusiloliona sisi.

Sasa khabari ya usiku wenyewe. Paka kwa maumbile yake huchangamka magharibi na alfajiri, kwa kuwa ndizo nyakati za mawindo. Ukimwacha alale jioni nzima, atakuamkia usiku wa manane. Basi baada ya Isha mchezeshe kwa ukili au kamba fupi, aikimbilie, aishike, mpaka uone amechoka. Kisha mpe chakula chake cha mwisho, kiasi cha saa 3 ya usiku. Akiwinda, akala, akajilamba, hulala; ndivyo walivyoumbwa. Kwa kuwa tumbo lake ni dogo, mchana agawiwe chakula mara 3 au 4, na wa miezi miwili umwachie kidogo cha kula usiku.

Na akilia baada ya hayo yote? Usiku wa kwanza na wa pili mmoja wenu atandike mkeka alale chumba kile kile. Hapana haja ya kumpakata wala kuzungumza naye. Asikie pumzi za mtu tu, na mkono uwe karibu akitaka kuujia. Asipigwe, asikemewe, asimwagiwe maji. Hajui kuwa anaadhibiwa kwa kulia. Ajualo ni kwamba mahali hapa papya pana khatari, na kwa hivyo atazidi kulia. Kuna wasemao, "Mwache alie, atachoka mwenyewe." Kweli atachoka, lakini kuchoka si kutulia, na kipaka mwenye khofu huacha kula, na akipitisha siku nzima hali kitu, mpelekeni kwa daktari wa wanyama. Walio wengi hutulia baada ya siku chache, wengine yapata wiki. Akishakuwa anakula vizuri na kukujia mkia umesimama, mfungulie chumba cha pili, kisha cha tatu.

Kabla ya kuzima taa kitazame chumba. Sindano na nyuzi za kofia zifungiwe. Kipaka huchezea uzi kisha akaumeza, na uzi humkata matumbo. Chetezo kisiachwe na makaa. Madirisha ya ghorofani yasiyo na wavu yafungwe. Sakafu isipigwe dawa kali za kuua vijidudu zile zigeukazo nyeupe zikitiwa maji, kwani paka huikanyaga kisha hujilamba miguu, nayo ni sumu kwake. Dawa ya viroboto ya mbwa yaweza kumwua, na vidonge vyetu vya maumivu vile vile, hata kipande.

Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu humkimbilia nayo, huwaharisha walio wengi. Mpe maji, na samaki aliyepikwa bila chumvi wala pilipili na kutolewa miiba, au nyama, na ukiweza chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa paka. Watoto wakiparurwa au kuumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yapitayo kwa muda wa dakika 15, waende hospitali, kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao paka pia huwa nao.

Twapenda kuongeza neno moja kwa wanaopenda paka kupita kiasi. Maneno yasemwayo kuwa kupenda paka ni katika imani, wanavyuoni wa Hadithi wameyahisabu kuwa ni ya kuzuliwa. Na kisa cha Mtume kukata mkono wa nguo yake ili asimwamshe paka, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Hatuna haja nayo. Yatutosha yaliyothubutu: Abu Qatada (r.a.) alitiliwa maji ya kutawadha na Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe, akaja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anamtazama, alimpa khabari ya Mtume kuwa paka si najisi, na kuwa yu katika wale wanaotuzunguka majumbani.

Tumrudie ndugu yetu na swali lake la kwanza. Mwenye kumchukua mnyama, nafaka yake imekuwa juu yake. Akishindwa, na ampe mwenye kumuweza, au amwache mahali ambapo mnyama mwenyewe aweza kujitafutia. Paka mkubwa sokoni hujitafutia. Mtoto wa miezi miwili, baina ya mapaka dume na mikokoteni, hawezi. Basi twaona amekosea, na tulimwambia aombe maghufira, kisha aende akamtafute.

Alikwenda siku mbili mfululizo, hakumwona. Siku ya tatu alirudi na mwengine, wa kijivu, aliyemkuta chini ya meza ya wauza pweza. Amewekwa chumbani kama tulivyoeleza, na mwanawe mkubwa ndiye alalaye naye mkekani. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa 6, wa pili kiasi cha nusu saa. Mpaka tunaandika haya, wa tatu haujafika.